Chupa Mia Tisa za Kipaza

Mkwe wangu, mke wa mwanangu, kiwandani wanamwita Kipaza, kwa sababu kazi aliianzia juu ya gari la matangazo, kipaza sauti mkononi, akiwaambia watu kwamba maji ya kiwanda chao ni matamu. Maji hayana utamu. Nilimwambia hivyo siku ile ile mwanangu alipomleta nyumbani kunionyesha. Akanijibu bila kupepesa jicho kwamba mwenye kiu akiitwa vizuri, atayaona matamu. Nikasema moyoni, huyu mdomo wake utamlisha. Sikujua kama utamfunga pia.

Naandika habari zake kwa mkono wangu mwenyewe. Shule niliiacha darasa la tatu, na herufi nyingine nimefahamiana nazo nikiwa tayari nina wajukuu. Mwanangu alitaka aninyooshee sentensi, nikamwambia aanze kunyoosha suruali zake. Ninaowaandikia ni wale wanaofanya kazi ya kuita wateja: wa matangazo, wa masoko, wa mabango. Wasome yaliyompata mkwe wangu, kisha wajiulize kama nao hawajafungiwa chumba kama chake.

Alizaliwa wa sita kati ya watoto tisa, na nyumba ya watoto tisa asiyejua kupaza sauti anaambulia ukoko. Shuleni alishinda mashairi, maigizo na midahalo. Hesabu zilimshinda kabisa, mpaka mwalimu akaandika kwenye ripoti, mahali pa alama za hesabu, kwamba mtoto huyu ana sauti nzuri. Alikaa juu ya lile gari miaka minne. Vumbi lilimwingia kifuani na jua likamchoma upande mmoja wa uso, lakini kila mtaa aliopita maji yalinunuliwa. Akateremshwa garini akapewa meza, na baada ya miaka mingine sita akawa mkuu wa masoko, mwenye watu sita chini yake.

Ofisi yake niliwahi kuiona. Zamani ilikuwa stoo ya dawa za kusafishia maji, na harufu haijahama. Dirisha lipo, ila limetazamana na ukuta wa jirani, mkono ukitoka unagusa matofali. Mlango unafungukia ndani na unagonga kiti chake, hivyo anayetaka kuingia hubisha hodi, naye husimama, huvuta kiti, ndipo mlango upite. Na yeye akitaka kutoka ni hivyo hivyo. Nilimwuliza kwa nini asiseme. Akasema akisema watampa kiti kidogo zaidi.

Pamoja na cheo alipewa nyumba. Vyumba viwili na sebule, kodi inalipwa na kiwanda. Humo tunaishi yeye, wanawe wawili wa kike, na mimi. Mwanangu ni fundi wa madaraja, yuko mbali miezi mingi, na pesa zake huja kama mvua ya mahali pakavu. Kwa hiyo ilieleweka bila kuambiana: kazi ya Kipaza ikiondoka, na paa linaondoka nayo.

Sasa habari ya chupa. Kiwanda kile kinauza maji kwenye chupa kubwa za buluu, zile za lita ishirini. Maji unanunua, chupa huinunui. Ukiwa mteja mpya unaacha amana, yaani pesa ya kushikilia chupa, na siku ukiirudisha unarudishiwa chako. Wakati wote chupa inazunguka: inatoka imejaa, inarudi tupu, inaoshwa, inatoka tena. Kulikuwa na wateja mia saba hivi. Kikaja kiwanda kingine upande wa pili wa mji, wateja wakaanza kupukutika, na mwenye kiwanda, ambaye wafanyakazi wote wanamwita Tajiri, akamwita Kipaza akamwambia anataka watu.

Kipaza akawaza siku tatu. Akagundua kwamba kinachowazuia watu ni ile amana. Mtu ana pesa ya maji, hana pesa ya kushikilia chupa. Akatunga tangazo: chukua maji, chupa juu yetu. Mteja mpya apewe chupa mbili bila kuacha hata senti.

Mhasibu wa kiwanda aliposikia alimwandikia barua. Huyu mhasibu wanamwita Kikokotoo. Ni mtu mwembamba, mpole, anayefunga kifungo cha juu kabisa cha shati hata wakati wa joto, na wafanyakazi wanasema hata akicheka anaweka desimali. Barua ilikuwa kurasa mbili zenye majedwali. Kipaza alikuja nayo nyumbani akaiweka mezani kama mtu aliyeletewa mgonjwa asiyemjua. Akasema haielewi, na anaona haya kuuliza, maana ataulizaje mambo ya namna hiyo na yeye ni mkuu wa idara?

Hapa naandika kosa langu, na sitalizunguka. Mume wangu alipunguzwa kazi na kalamu ya mhasibu, akafa akiwa bado anahesabu miaka aliyowatumikia. Tangu hapo mhasibu kwangu ni mtu anayekaa kivulini akihesabu vilivyoletwa na waliokaa juani. Nikaichukua ile barua nikaikunja, nikafunikia sukari. Nikamwambia, "Wewe walete watu. Pesa zina miguu, zitawafuata." Alicheka, akanishika bega. Kesho yake akaenda kwa Tajiri, na Tajiri, ambaye anapenda sana kuona foleni getini kwake, akakubali. Ila alimsainisha karatasi: wateja elfu mbili ndani ya miezi sita, na wasipofika, cheo na nyumba vinarudi kiwandani.

Wakaja. Ndani ya mwezi mmoja foleni ilizunguka ukuta wa kiwanda. Kipaza alipanda tena juu ya gari lake kwa furaha tu, akaimba mpaka sauti ikakauka. Tajiri alimpiga picha akiwa katikati ya chupa, akaibandika mapokezi. Mwezi wa pili wateja walikuwa elfu moja na mia mbili. Mtaani kwetu kila nyumba ilikuwa na chupa za buluu, na mimi nikawa mtu wa kuamkiwa kwa adabu, mama mkwe wa Kipaza. Kwetu peke yetu zilikuwa tano.

Mwezi wa tatu wasambazaji wakaanza kurudi na mikokoteni mitupu. Wanapeleka maji, wanaomba chupa za nyuma, wanaambiwa subiri. Mwingine ameweka unga. Mwingine ameweka mafuta ya taa, na chupa ikishaingia mafuta ya taa imekufa, haioshwi ikatoka. Mwingine amekata shingo amefanya beseni la kuogeshea mtoto. Fundi viatu wa kona alizifunga mbili kwa kamba, akaweka ubao juu, akapata benchi la wateja, na kusema kweli lilikuwa benchi zuri. Watu walichukua chupa mbili, wakajaza mara tatu nne, wakaona vyombo vimepatikana, wakarudi kwenye maji yao ya zamani.

Kiwandani maji yakawa yapo na chupa hazipo. Mashine ikasimama saa nne asubuhi, watu wakakaa chini ya mabomba wakipiga soga. Tajiri akanunua chupa mpya, na pesa aliyonunulia ilikuwa ya mishahara. Mishahara ikachelewa wiki, kisha wiki mbili. Mama mmoja wa kuosha chupa alimsimamisha Kipaza getini akamwuliza, bila ukali, "Dada mkubwa, wateja wamejaa hivi, mbona sisi tumepungua?" Kipaza aliniambia kwamba miaka yote kumi hakuwahi kukosa la kusema mbele ya mtu mpaka siku hiyo.

Na hakuweza kusimama. Hilo ndilo ambalo mtu wa nje hakulielewa. Akisimamisha tangazo, hafikishi elfu mbili, nyumba inakwenda. Akiendelea, kila mteja anayemwita anaondoka na chupa mbili, na kiwanda kinazama kwa uzito wa watu wake mwenyewe. Alikonda. Alikuwa anavuta kile kiti chake ofisini, mlango unafunguka, halafu anasahau alikuwa anatoka kwenda wapi, anakaa tena.

Mwezi wa nne, akiwa na wateja elfu moja mia saba na arobaini kwenye ubao wake, alikwenda kwa Kikokotoo. Alikwenda mchana, wenzake wakiwa wametoka kula, ili asionekane. Mhasibu hakumcheka. Alimvutia kiti, akamwuliza mambo matatu: mteja mmoja mpya anatugharimu kiasi gani mpaka aingie, kila mwezi anatuachia nini, na anakaa nasi muda gani. Kipaza akasema ana wateja elfu moja mia saba na arobaini.

"Sijakuuliza wako wangapi, dada," Kikokotoo akasema. "Hilo lipo ukutani kwako na maua pembeni. Nauliza mmoja wao ni nani kwetu."

Kipaza hakujua hata moja kati ya yale matatu. Basi yule bwana akageuza kalenda ya mwaka uliopita, akaandika nyuma yake. Hakuandika kwa pesa, maana aliona macho ya mwenzake yanavyokimbia tarakimu. Aliandika kwa maji. Chupa moja mpya, alisema, ni sawa na faida ya kuijaza mara thelathini na sita. Mteja wa kawaida hujaza kila chupa mara mbili kwa mwezi. Kwa hiyo chupa inajilipa baada ya mwaka mmoja na nusu, na faida huanza hapo. Mteja anayejaza mara nne kisha akakaa na chupa ametutia hasara ya mara thelathini na mbili, na kwa kuwa alipewa mbili, hasara ni ya mara sitini na nne. Halafu akamwonyesha daftari la wasambazaji. Chupa mia tisa zilikuwa zimelala majumbani kwa watu wasiojaza tena.

Kipaza akamwuliza kwa nini hakumwambia mapema. Mhasibu akasema aliandika barua, kurasa mbili. Kisha, baada ya kufunga vizuri kifungo chake kilichokuwa tayari kimefungwa, akakiri kwamba ile barua aliiandika kama mtu anayejikinga. Hakuiandika kama mtu anayetaka kueleweka.

Jioni hiyo Kipaza aliniomba chupa zangu. Nikakataa. Tatu zilikuwa na nafaka, moja na mkaa, na moja nilikuwa nimeikalia nikichambua mchele. Nikamwambia nilipewa, na aliyetoa ni yeye, kwa sauti iliyosikika mitaa minane. Akakaa sakafuni mbele yangu na mkoba wake begani.

"Mama, hiyo uliyoikalia ni maji ya mwaka mmoja na nusu," akasema. "Mimi ndiye niliyekukalisha juu yake."

Akanieleza yote, kwa vikombe na mchele. Mimi niliuza mitumba miaka thelathini na moja. Nilikuwa na mapindo mawili ya nguo: kulia mtaji, kushoto faida, na pindo la kulia sikulifungua hata mtoto akilia. Balo, lile furushi zima la nguo, nilijua limenigharimu nini, nilijua shati la kwanza mpaka la arobaini ni kurudisha changu, na la arobaini na moja ndilo langu. Mtu akitaka kujaribu nguo kibandani kwangu aliacha kwanza kiatu kimoja, hiyo ndiyo amana. Yote hayo nilikuwa nayo. Miaka kumi nimekula meza moja na huyu binti, sikumpa hata moja, kwa kuwa sikuwahi kufikiri kwamba yale majedwali ya Kikokotoo ni mapindo yangu yaliyoandikwa vizuri. Nilidhani ni uchawi wa maofisini. Yeye naye alidhani kazi yake inaishia pale mteja anaposema naam.

Nilimwaga nafaka kwenye mabeseni, nikampa chupa nne. Ya mkaa ilikuwa imeharibika. Sikuomba radhi kwa maneno, na yeye ananijua, hakuyangoja.

Kikao cha Tajiri kilikuwa Alhamisi. Kipaza alitakiwa kueleza jinsi kampeni itakavyoendelea, na tayari Tajiri alikuwa ameshapendekeza mteja mpya apewe chupa tatu, ili elfu mbili ifike haraka. Kipaza alikuwa na siku tatu za kufikiri. Angenyamaza, angefika elfu mbili, nyumba ingebaki, na baada ya miezi mitatu minne kusingekuwa na kiwanda cha kuilipia kodi. Akisema, anajihukumu kwa mdomo wake. Mimi nilimshauri anyamaze. Naandika hivyo kwa kuwa ndivyo nilivyomshauri. Niliwaangalia wale wajukuu wawili wakifanya kazi za shule juu ya kitanda, nikaona afadhali miezi minne ya paa.

Yaliyosemwa kikaoni aliniambia mwenyewe, na Kikokotoo alipopita siku moja kunisalimia akanithibitishia. Kipaza alisimama na karatasi moja yenye namba tatu: thelathini na sita, mbili, mia tisa. Alipoanza kuzieleza Tajiri alimkatiza, akasema amemwita kwa habari za wateja, habari za hesabu zina mwenyewe.

"Tajiri, hizi ndizo habari za wateja," Kipaza akasema. "Nilikuwa nakuletea habari za foleni."

Akaeleza mpaka mwisho. Akasema tangazo ni lake, kosa ni lake, na anaomba lisimame siku hiyo hiyo. Tajiri akauliza ile karatasi aliyosaini inasemaje likisimama. Kipaza akajibu inasema anatoka.

"Na ukitoka, chupa zangu mia tisa atazileta nani? Kikokotoo?" Watu wakacheka kidogo. Tajiri hakucheka. "Hutoki."

Ningependa kuandika kwamba hapo alifunguliwa. Alifungwa upya, kwa karatasi nyingine. Nyumba anabaki nayo, cheo anabaki nacho, mshahara ni nusu mpaka chupa mia tisa zirudi kiwandani moja moja, zikihesabiwa getini. Akiacha kazi kabla, zilizobaki ni deni lake. Gari la matangazo likauzwa kununua chupa. Kitu kimoja aliomba, kila Jumatatu awekewe mezani hesabu za gharama na faida kabla hajatunga tangazo lolote. Tajiri alikubali haraka, kwa kuwa ombi hilo halikumgharimu kitu.

Sasa anazunguka kwa miguu, mlango kwa mlango, kwa watu wale wale aliowaimbia. Wanamwuliza leo kipaza kiko wapi. Wanamwuliza si mlisema chupa juu yenu, sasa imekuwa juu ya nani? Fundi viatu alimwambia achukue chupa zake ila amletee benchi. Akamlipia mbao mbili, akazichukua chupa.

Lakini kuna jambo ambalo Tajiri mpaka leo hajalielewa. Kipaza akifika kwenye nyumba yenye chupa safi, akaona watu wana uwezo, hawaombi chupa. Anawaomba waanze kujaza tena. Wengi wanakubali, maana sauti bado anayo. Na akishakubaliwa anaiacha chupa pale pale, anaandika jina, anaondoka. Ile karatasi yake haihesabu hao. Inahesabu chupa zilizopita getini tu. Alikwenda kumwomba Tajiri abadilishe, mteja aliyerudi kujaza ahesabiwe kama chupa iliyorudi. Tajiri akasema saini ni saini.

Nilimgombeza. Nikamwambia azibebe zote, amalize kifungo chake, hao wateja watamletea nini yeye? Alikuwa amevua viatu, anajikanda vidole.

"Nikimnyang'anya, mama, nitakuwa nimehesabu tena kama zamani," akasema. "Yule akijaza mwaka na nusu chupa imejilipa. Baada ya hapo ndiye anayewalipa wale akina mama wa kuosha."

"Na wewe?"

"Mimi niko palepale."

Mishahara ya kiwandani mwezi uliopita ilitoka kwa tarehe yake. Wake ulikuwa nusu, kama kawaida. Leo amezunguka nyumba kumi na moja tangu asubuhi. Amewarudisha wateja wanne, na ameleta chupa tatu, moja inanuka mafuta ya taa, Kikokotoo amesikitika lakini ameikataa. Zimebaki mia tano na kumi na tatu.